Nilichagua digrii ya uuguzi ya online kwa makini sana, nikasahau kuuliza nani atanisimamia

Wakuu, habari za majukumu.

Huu uzi nimeuahirisha tangu masika. Leo nauandika kwa sababu vijana wawili wa kada yetu wamenifuata faragha na swali lile lile: "Kaka, chuo gani cha online kinamfaa nesi aliye kazini?" Nikaona kuliko kumjibu kila mtu peke yake, jibu niliweke hapa wote tulisome.

Yaliyomo yamenipata mimi mwenyewe. Majina nimebadilisha kwa sababu wahusika nashinda nao kila siku, ila mengine ni kama yalivyotokea.

Mimi ni muuguzi, miaka arobaini na kitu, mzaliwa wa Kasense, Sumbawanga. Kuna watu najua wanasubiri niseme hivyo waniulize kama darasani tunaenda kwa ungo kama wachawi. Tunatumia bando wakuu, na linaisha kama lenu.

Nilimaliza kidato cha nne hapa hapa mjini, nikasoma cheti cha uuguzi, baadaye diploma. Baada ya hapo nikawa mtu wa kuzunguka.

Nimefanya kazi kule chini ziwani, upande wa Kasanga, ambako unaamka nyumba nzima inanuka dagaa na unaizoea mpaka ukiikosa unaona kama umeugua. Nimefanya kazi bonde la Rukwa, joto kali, wafugaji wanaleta wagonjwa kwa mkokoteni wa ng'ombe. Nimekaa Matai. Kila kituo nilichofika nilikipenda, na kila nilipokipenda sana nilianza kuangalia barabara. Hata sasa nikiona lori linashusha mteremko wa kwenda ziwani roho inasogea kidogo.

Safari hii nilirudi kwa ajili ya mama. Miguu yake haifanyi kazi vizuri, na mimi ndiye mtoto wa kiume aliyebaki. Nikapata nafasi kwenye kituo cha afya hapa manispaa, nikapanga nyumba mtaa wa Mazwi, nikamwambia mama sihami tena.

Basi hapo ndipo digrii ilipoingia.

Nilikuwa naitaka kwa muda mrefu. Zamani ningeomba ruhusa, nifunge begi, niende chuo miaka yote hiyo. Sasa siwezi. Kama digrii naitaka, digrii ndiyo inifuate Sumbawanga. Na kwa umri wangu nilijua nikiahirisha tena, sisomi kamwe.

Nikaanza kutafuta.

Wakuu, ukiandika tu kwenye simu "digrii ya uuguzi mtandaoni", siku hiyo hiyo matangazo yanakujia kama siafu. Wengi wanakuita "dear student" kabla hata hujajua wanafundisha nini.

Machaguo niliyoyafikiria kwa dhati yalikuwa matatu.

La kwanza lilikuwa la nje ya nchi, online mwanzo mwisho. Unasoma, unafanya mtihani kwenye laptop, unatumiwa cheti. Mazoezi ya wodini hamna. Kwa mtu wa zamu lilinivutia sana. Lakini kabla ya kujiunga niliuliza kwenye baraza letu linalotusajili, nikaambiwa wazi kwamba digrii ya uuguzi isiyo na mazoezi kwa vitendo haitanipandisha daraja. Sikukilaumu kile chuo, wao hawakuficha. Ni mimi tu lisingenifaa.

Hili nalisema kwa herufi za kawaida lakini lisomeni kama limeandikwa kubwa: uliza baraza kwanza, chuo baadaye. Usimuulize wakala.

La pili lilikuwa la hapa nchini, nusu online, nusu unaitwa chuoni pwani kwa wiki kadhaa kila muhula. Hilo nililikataa kwa sababu najijua. Nikishaonja wiki kadhaa za mji mwingine, kurudi kwangu kunakuwa kwa mashaka.

La tatu likanikaa. Masomo online, vipindi vinarekodiwa hivyo ukiwa zamu unasikiliza baadaye. Mitihani unafanyia kituo cha Mbeya. Na mazoezi kwa vitendo unafanya hapo hapo unapofanyia kazi, chini ya msimamizi, kisha mwalimu wa chuo anakuja kukukagua.

Nililichunguza hili kama mtu anayenunua shamba. Nikawatafuta waliosoma pale, wawili nikaongea nao. Nikauliza umeme ukikatika katikati ya mtihani inakuwaje. Nikauliza kama vipindi vya moja kwa moja vinagongana na saa za kupokezana zamu. Nikauliza usajili. Kila kitu safi. Nikaomba, nikapata, nikajiunga.

Halafu wakatuma maelekezo ya mazoezi. Msimamizi awe na digrii ya uuguzi, awe amesajiliwa, na awe anafanya kazi kituo kimoja na mwanafunzi, amwone kwa macho akihudumia.

Nikayasoma mara mbili.

Kituoni kwetu mwenye digrii ya uuguzi ni mmoja. Anaitwa Devota. Na Devota ni mkwe wangu.

Hapa inabidi nieleze, maana wa Dar mtasema mkwe ndiyo nini.

Marehemu kaka yangu aliacha kijana, Deus, ni mwalimu. Deus alipotaka kuoa, mimi ndiye nilisimama kama baba yake. Mahari nilipeleka mimi. Kwa hiyo Devota kwangu si mke wa mtoto wa kaka tu, ni mke wa mwanangu.

Na kwenye ukoo wetu, mke wa mwana na baba mkwe wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawaketi benchi moja. Hawatajani majina. Hawasemeshani uso kwa uso. Siyo ugomvi, ndiyo heshima yenyewe. Inaisha siku mkwe atakapokupikia chakula cha kukutoa haya, mle pamoja, basi kuanzia hapo mnaongea kama baba na binti.

Wengi siku hizi wanamaliza hilo mwezi ule ule wa harusi. Devota aliwapikia wazee wote wa ukoo pale Kasense. Mimi sikuwepo, nilikuwa nimesharudi ziwani. Baadaye nikaenda bondeni, kisha Matai, na jambo likabaki hivyo hivyo.

Kisha yeye akapangiwa kituo nilichopo.

Mtauliza tulikuwa tunafanyaje kazi. Tulikuwa na Masanja.

Masanja ni nesi mwenzetu, Msukuma, wazazi wake walikuja na ng'ombe bonde la Rukwa yeye akiwa mdogo. Mtu wa maneno mengi na roho nzuri. Saa ya kupokezana zamu mimi nasimama upande wa dirishani, Devota anasimama upande wa kabati la dawa ameangalia chini, Masanja katikati.

"Masanja, mwambie kitanda cha pili presha imeshuka, apimwe tena mchana."

"Sista, kitanda cha pili presha imeshuka, apimwe tena mchana."

"Mwambie baba nimesikia."

"Mzee, amesikia."

Wote tumo ndani ya chumba kimoja, wakuu. Nimesikia kwa masikio yangu kwamba amesikia.

Masanja alikuwa analalamika kila siku. "Mimi nilisomea uuguzi, ninyi mmenifanya mnara wa simu. Siku nikipata malaria hiki kituo hakina mtandao."

Tulikuwa tunacheka. Nani alijua.

Sasa msimamizi wa mazoezi si mtu wa kupokea ripoti. Anasimama pembeni yako unapomhudumia mama leba. Anakuangalia mikono. Ukikosea anakwambia papo hapo, mbele ya mgonjwa, kisha anaandika alama. Mwambie mkwe afanye hivyo kwa baba mkwe wake ambaye hata jina lake hajawahi kulitamka.

(Nisubirini kidogo, niko zamu, kuna mama kaletwa leba.)

Nimerudi. Mama na mtoto wa kike, wote wazima.

Tuendelee. Nilishindwa kumuuliza mwenyewe, nikamtuma Masanja. Yaani hata ombi la kumwomba aache kuongea nami kupitia Masanja, lilipitia kwa Masanja.

Akarudi na jibu. "Mzee, anasema hawezi. Anasema si kwamba hataki, hawezi. Mdomo hautafunguka."

Nikamwelewa. Wangu pia usingefunguka.

Masanja akatoa wazo lake, na najua wengi wenu mmeshalifikiria. "Mbona rahisi? Yeye asaini tu. Wewe umezalisha akina mama tangu yeye yuko shule ya msingi. Anajua unaweza. Asaini, mwalimu akija mnasimama karibu dakika mbili, mnapiga picha, mnaachana."

Sitawadanganya, nilinyamaza kwa namna ya mtu aliyekubali. Masanja akaenda na wazo hilo kwa Devota, pale kabatini.

Safari hii Devota alijibu kwa sauti, ameangalia vichupa vya dawa, ili nisikie bila kuzungushwa.

"Masanja, mwambie baba hivi. Nikiandika nimemwona wakati sijamwona, nitakuwa nimemdharau kuliko nikimwangalia usoni. Na siku mtoto akizaliwa hapumui, ile sahihi yangu haitampulizia hewa."

Masanja akanigeukia. "Mzee, anasema..."

"Nimesikia."

Wakuu, siku ile nilitoka kazini na mawazo yangu ya zamani yamerudi yote. Mbeya kuna hospitali zina maneso wa digrii hata kumi. Naomba uhamisho, nasimamiwa na mtu nisiyemjua, namaliza. Nilishaanza kuhesabu nani wa kumwona ofisini. Hivyo ndivyo nimeishi: jambo likijifunga mahali, mimi natafuta kituo kingine. Na chuo kilikuwa kinataka jina la msimamizi kabla muhula haujaanza, la sivyo nafasi inakwenda kwa mwingine.

Nikapita Kasense kumuaga mama kimawazo, kama mnanielewa. Nilitaka nimwandae taratibu.

Nikamkuta amekaa nje kwenye jua la jioni anachambua maharage, khanga mbili mabegani maana upepo wa kwetu mwezi ule unakata masikio.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unahamia wapi?"

"Nani kasema nahama?"

"Umesimama kama mtu anayehama. Baba yako alisimama hivyo hivyo kila akitaka kwenda migodini. Kaa."

Nikakaa. Nikamweleza lote, la digrii, la msimamizi, la Devota. Mama hajasoma, digrii kwake ni "hiyo shule yako ya kwenye simu", lakini akasikiliza mpaka mwisho huku mikono inachambua.

"Kwa hiyo unataka kwenda Mbeya kutafuta mtu wa kukuangalia, na hapa nyumbani yupo."

"Ni mkwe, mama."

"Ni mkwe wako wewe peke yako. Sisi wenzako tulishakula kuku wake, anaingia jikoni kwangu ananigombeza kwa nini nimekunywa dawa bila kula. Juzi kaniambia nimekuwa mkaidi kama mbuzi. Anayeogopana naye ni wewe."

"Sikuwepo mama."

"Sasa hivi uko wapi?"

Nikaanza kumsaidia kuchambua maharage.

Mama akasema, "Jumapili baada ya misa. Utaleta kitenge, kizuri, si kile cha kuchuja. Yeye atapika. Na usije umeshiba."

Jumapili nikaja na mke wangu na kitenge. Deus alikuwepo, Masanja alikuja bila kualikwa, akasema yeye ndiye aliyefanya kazi ya jambo hili kuliko wote kwa hiyo kuku anamhusu.

Devota alipika ugali wa ulezi na kuku wa kienyeji. Akapiga magoti na birika akanimwagia maji ya kunawa. Mimi nikamkabidhi kitenge, nikamwita kwa jina lake mara ya kwanza. "Devota, asante mwanangu." Tukala sahani moja mimi na yeye, wengine wanatuangalia kama mtihani.

Tulikula mpaka Deus akaanza kukohoa.

Mama akasema, "Haya, mlango uko wazi. Semezaneni."

Devota akafuta mikono. Akaangalia sahani, akaangalia ukuta, kisha akaniangalia mimi.

"Baba, yule bibi wa kitanda cha pili wiki iliyopita, mbona ulimwacha na dripu imeisha?"

Ndilo neno la kwanza mkwe wangu kuniambia katika maisha yake.

"Nilisema ibadilishwe saa nne," nikamjibu. "Nilimwambia Masanja."

"Mimi niliambiwa ibadilishwe. Saa sikuambiwa."

Tukamgeukia Masanja wote wawili. Alikuwa na paja la kuku mdomoni.

"Mnara ulizidiwa," akasema.

Watu walicheka sana, hata mama. Mimi pia nilicheka. Yule bibi alitoka salama. Lakini nilianza kujiuliza mangapi mengine yalikuwa yanafika nusu kwa miaka yote ile tuliyokuwa tunajiona tunaheshimiana.

Jumatatu nikatuma jina la msimamizi chuoni.

Mazoezi ya kwanza yalikuwa ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Tunatumia mwanasesere wa mpira, meza, taulo, na ule mfuko wa kumpulizia hewa. Jambo hili nimelifanya kwa watoto halisi, ziwani, bondeni, kote. Kuna watoto wanatembea leo Kasanga ambao mimi ndiye niliwapulizia. Kwa hiyo niliingia na kifua mbele.

Devota akasimama pembeni, si mlangoni. Masanja yupo, na wanafunzi wa cheti walio kwenye mazoezi wamejipanga ukutani.

Nikamkausha yule mtoto wa mpira, nikamfunika, nikaweka kichwa sawa, nikabonyeza mfuko. Mara moja, mbili, tatu. Haraka, kwa ufundi.

"Kifua hakipandi," Devota akasema.

Nikabonyeza tena, kwa nguvu zaidi.

"Baba, kifua hakipandi. Umekilaza kichwa nyuma mno, njia ya hewa imejikunja. Rudia."

Masanja akaangalia dari. Wale wanafunzi wakaangalia viatu vyao, kwa sababu wote wanatoka huku huku, wanajua neno "rudia" limetoka kwa nani kwenda kwa nani.

Na mimi nilikuwa nafikiria kwamba hivyo ndivyo ninavyokiweka kichwa siku zote. Miaka mingi nimefanya kazi vituo ambavyo mimi ndiye mkubwa wa leba, au niko peke yangu. Hakuna aliyewahi kusimama karibu kiasi cha kuona.

Nikaanza upya. Taulo, kukausha, kufunika. Kichwa nikakirudisha kidogo mbele, pua ikaelekea juu. Nikabonyeza taratibu.

Kifua kikapanda.

"Endelea," akasema, akaandika.

Hakunipa alama zote siku ile. Alinipa zilizostahili, na pembeni akaandika la kurekebisha. Tukipokezana zamu sasa tunasimama karibu, ripoti inatoka kwangu kwenda kwake na saa zake zote. Masanja anasema amestaafu.

Wakuu, kwa mliouliza chuo gani: jina sitaji, mtaniona wakala. Lakini njia nimewaonyesha. Baraza kwanza. Zungumza na waliosoma pale, si wanaotangaza. Angalia kama ratiba yao inaijua zamu ya nesi.

Na kabla ya yote hayo, zunguka kituoni kwako uangalie ni nani hasa atasimama pembeni yako, na kama anaweza kukwambia umekosea. Kama yupo wa kukusainia bila kuangalia, huyo ndiye wa kumkimbia. Online inakuletea mwalimu kwenye simu, ila mkono wako utaonwa na mtu aliye chumba kimoja nawe, na mtu huyo ana undugu, ana umri, ana ukwe, ana haya zake. Hayo chuo hakiyajui. Unayajua wewe.

Niko mwaka wa pili sasa. Sijaomba uhamisho.

Kama nawe umesimamiwa na uliyemfundisha, au mdogo wako, au mke mwenza wa dada yako, sijui, andika hapa ulivukaje. Na wenye digrii mlioko vituoni, semeni upande wenu pia, mnatuonaje sisi wazee tunaporudi shule. Niko zamu ya mchana, nikitoka nitapitia comment zote.